Namba ya Kava ya Mjomba Watas

Port Vila, 9 Machi 2017

Mjomba Watas mpendwa,

Nakusalimu wewe na mama, na wote wa Ranmelu, wazima na wanaougua. Mimi sijambo. Mwambie mama kwamba mkeka alionifumia nimeutandika chumbani hapa kwa shangazi Velin, na kila mgeni anauulizia. Mwambie pia kikohozi kimekwisha, asinitumie tena majani kwa meli, maana yanafika yameoza na shangazi anasema nyumba inanuka kama zizi. Goti lake je?

Nimepata kazi, Mjomba. Ni karani wa maabara inayopima kava, ile mizizi yetu ya kusaga na kunywa, kabla haijapakiwa kwenda ng'ambo. Mfuko wa unga ukifika mezani kwangu, naufungulia ukurasa daftarini na kuupa namba, na kuanzia hapo hakuna anayejua ni wa nani ila mimi na daftari. Wapimaji huona namba tu. Bi Kalsau, mkuu wetu, aliniambia siku ya kwanza, "Wewe ukikosea hapa mezani, sisi sote kule ndani tutakosea kwa uaminifu kabisa." Tangu hapo kila namba naikagua mara tatu. Nakou, mpimaji wetu, mtu wa kisiwa cha Tanna, ananicheka. Anasema, "Huyu karani akigonga kiti anakiomba radhi."

Najua utauliza inapimwaje. Unga kidogo unatiwa kwenye asetoni, ile dawa ambayo wanawake wa mjini hufutia rangi ya kucha. Unatikiswa, unaachwa utulie. Kava njema hutoa maji ya manjano. Ile ya siku mbili, inayomlaza mtu na kichefuchefu hadi kesho kutwa, hutoa maji ya rangi ya chungwa, karibu na wekundu. Lakini macho ya watu hayafanani, na mnunuzi wa ng'ambo hawezi kununua kwa macho ya mtu asiyemjua. Kwa hiyo maji yale humiminwa kwenye kichupa cha kioo cha mraba, chembamba kama kidole, kikawekwa ndani ya mashine iitwayo spektrofotomita. Mashine hupitisha mwanga wa buluu katikati ya kichupa na kupima ni kiasi gani kimemezwa njiani. Kava njema humeza kidogo, ile nyingine humeza sana. Namba ikizidi sifuri nukta tisa, mzigo haupandi meli. Ina taa nyingine pia, ya urujuanimno, mwanga ambao jicho halioni kabisa. Hiyo ni ya utafiti wa Bi Kalsau, na mimi siruhusiwi kuisogelea.

Niko kwenye majaribio hadi mwisho wa Juni. Niombeeni nisiharibu kitu.

Mpwa wako,
Noelin


Ranmelu, 11 Aprili 2017

Mpwa wangu Noelin,

Barua yako imefika kwa mkono wa katekista. Mama yako ameisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, na majirani wakaomba ile sehemu ya mkeka irudiwe. Goti lake ni lilelile, linatabiri mvua kuliko redio. Kimbunga cha wiki jana kimetupita kando. Migomba imelala, na mnara wa simu umelala nao. Wenyewe wanasema watausimamisha. Hawakusema mwaka gani.

Kwa hiyo mashine yenu inakunywa kava bila kutema mate. Si ajabu haichoki. Mwambie huyo mtu wa Tanna kwamba sisi huku tunaisaga kwa jiwe la matumbawe, hatuitafuni kama wao, na kwamba aje kisiwani kwetu Pentekoste siku moja ajue kifuu cha kava kina ladha gani.

Sasa sikiliza. Mnunuzi anataka kijiji chetu kimuuzie kila mwaka, ila kwanza sampuli ipimwe huko kwenu. Tulikutana nakamali, pale wanaume wanapokunywea kava, na Chifu Bule akauliza nani atasimama dhamana. Nikasimama mimi. Nilisema shamba la juu ni Borogu tupu, kava njema isiyo na mchanganyiko, nimeipanda kijiti kwa kijiti kutoka shina aliloacha babu yako, na nyumba zote kumi na tisa zinaweza kuchukua vijiti kwangu zikapanda. Ikionekana nimesema uongo, shamba ling'olewe lote, lisiharibu jina la wengine.

Chifu akasema, "Watas, maneno hayo yana meno."

Nikamjibu, "Bora yawe nayo, yangu yamebaki matatu."

Wakacheka. Lakini nimelisema, na limesikika. Sampuli inakuja na meli hii. Usiifanyie upendeleo wowote. Haiuhitaji.

Mjomba wako,
Watas


Port Vila, 15 Mei 2017

Mjomba mpendwa,

Natumaini barua hii inawakuta salama. Shangazi Velin anawasalimu. Amepata kibanda sokoni upande wa baharini na anauza njugu na mihogo ya kuchoma. Mvua hapa haijakatika kwa siku sita.

Mjomba, sijui niandikeje. Sampuli yenu ilifika, niliipa namba 117. Namba iliyotoka kwenye mashine ni moja nukta tatu. Nimeisoma mara tatu, na mara ya pili ilikuwa juu kuliko ya kwanza, na ya tatu juu kuliko ya pili. Nakou amekwenda Tanna msibani tangu mwisho wa Aprili, kwa hiyo wiki hizi anayesoma mashine ni mimi, kwa idhini ya Bi Kalsau, maana niliisomea chuoni. Ameshatia sahihi. Barua rasmi inakuja na meli hii hii, kwa Chifu Bule.

Naomba uangalie kama kuna mtu aliyechanganya unga wakati wa kukausha. Au labda kuna shina moja mpakani ambalo si Borogu. Mambo hayo hutokea, hata kwa wakulima wazuri. Wiki hii si nyinyi peke yenu mlioanguka.

Nisamehe kwa kuleta habari hii.

Noelin


Ranmelu, 8 Juni 2017

Noelin,

Sisi wazima. Mama yako anasalimu. Ameanza mkeka mwingine, wa harusi ya binti wa katekista, na vidole vyake vimekuwa vyekundu kwa rangi hadi vifundoni.

Barua rasmi ilisomwa uwanjani mbele ya nakamali, kila mtu akiwepo. Niliisikiliza nikiwa nimesimama. Ilipokwisha, Bong Tema akauliza kwa sauti ya upole, "Watas, hiyo Borogu yako, imeolewa na nani?" Watu walicheka hadi watoto wakacheka bila kujua sababu. Mimi pia ningecheka kama ingekuwa ya mwingine.

Nimefanya ulivyosema. Nimepita shamba lote, shina kwa shina, siku tatu. Nimetazama vifundo vya mashina, rangi yake, majani. Kisha nikachukua unga ule ule uliobaki tulipojaza mfuko wenu, nikawanywesha wanaume wanane, nami wa tisa. Asubuhi wote tisa tulikuwa shambani. Kava ya siku mbili haimwamshi mtu alfajiri akashika panga.

Chifu Bule si mtu mbaya. Alisema, "Macho yetu yanasema hivi, na barua inasema vile, na mnunuzi anasoma barua." Amenipa hadi Jumatatu ya mwisho ya Julai. Siku hiyo shamba ling'olewe kama nilivyosema mwenyewe. Watu waliokuwa wamechukua vijiti kwangu wameanza kuvirudisha. Wanavilaza mlangoni nikiwa sipo, wasinitazame usoni.

Nina swali moja. Wewe uliyaona yale maji kabla ya kuyatia kwenye mashine. Yalikuwa ya manjano au mekundu? Sikuulizi namba. Nauliza rangi.

Watas


Port Vila, 26 Juni 2017

Mjomba mpendwa,

Natumaini nyote wazima, na harusi ya binti wa katekista ilikwenda vizuri. Hapa baridi imeingia, asubuhi watu wanavaa masweta kama wako ng'ambo. Shangazi Velin ameumwa jino, uso ukamvimba upande mmoja, akaendelea kuuza njugu hivyo hivyo. Wateja walimwonea huruma na akauza kuliko siku zote. Sasa amepona na anasikitika.

Nakou amerudi kutoka Tanna. Anasema msiba ulikuwa mkubwa, nguruwe kumi na mmoja, na kwamba amekunywa kava ya kutafunwa na hakufa, kwa hiyo wewe Mjomba usiwaseme watu vibaya. Anakusalimu.

Tumepaka ofisi rangi mpya. Bi Kalsau alikwenda mkutanoni Fiji wiki mbili na amerudi na makala ndefu ya kusoma kuhusu urujuanimno na jinsi kila kiini cha kava kinavyomeza mwanga wake chenyewe. Ananiambia niisome, nami naisoma, ingawa ni ngumu. Majaribio yangu yanakwisha Ijumaa hii. Wanasema huenda wakaniajiri moja kwa moja.

Kuhusu shamba, nasikitika sana, Mjomba. Labda umwombe Chifu muda zaidi. Labda mtume sampuli nyingine mwakani.

Mwambie mama nampenda.

Noelin


Ranmelu, 9 Julai 2017

Noelin,

Tu wazima.

Barua yako ina kurasa tatu. Nimejua habari za jino la Velin, na nguruwe wa Tanna, na rangi ya ofisi. Swali langu halimo.

Mama yako anasema labda umesahau kwa kazi nyingi. Nilikaa na wewe nyumbani kwangu miaka sita, wakati mama yako akiuguza wagonjwa huko Santo. Hukuwahi kusahau kitu. Ulikuwa ukinyamaza.

Watas


Port Vila, 21 Julai 2017

Mjomba,

Nakusalimu, na mama. Leo sina habari nyingine za nyumbani.

Maji yalikuwa ya manjano.

Yalikuwa ya manjano safi, kama ganda la ndizi iliyoiva. Niliyaona kabla ya kuyatia kwenye mashine, na nikaandika moja nukta tatu.

Nitakueleza yote kwa utaratibu. Vile vichupa vya kioo tulikuwa navyo viwili tu, kimoja cha kuwekea asetoni tupu, ili mashine ijue pa kuanzia, na kimoja cha kuwekea kava. Tarehe 2 Mei, Nakou akiwa Tanna, nilikuwa naviosha na hiki cha pili kikaniponyoka kwenye sinki. Ni vichupa vya kuagizwa, vinakaa miezi njiani. Nilikuwa kwenye majaribio. Nikaokota vipande, nikavifunga kwenye karatasi, nikavitupa pipa la sokoni ili visionekane maabara.

Kabatini kuna sanduku la vichupa vya plastiki, vya kupimia maji ya kunywa. Umbo ni lile lile. Vinaingia kwenye mashine sawasawa. Nikachukua kimoja. Sikukumbuka, au niseme sikutaka kukumbuka, kwamba asetoni inaila plastiki ile. Inaila kuta zake polepole, zinakuwa na ukungu kama dirisha lililopuliziwa pumzi, na mwanga unatawanyika badala ya kupita. Mashine haijui mwanga umetawanyikia wapi. Inaona tu haukufika, inasema umemezwa. Ndiyo maana kila niliporudia kusoma, namba ilipanda. Kila mara ukungu ulikuwa umezidi. Shamba lako halikuhusika hata kidogo.

Unaweza kuuliza nilijua lini. Nilijua tarehe 18 Mei, siku tatu baada ya kukuandikia. Kichupa kiling'ang'ania glavu yangu, nikakiinua kwenye mwanga, nikaona kimekuwa cheupe. Meli ilikuwa imeshaondoka na barua zote. Nilisema nitamwambia Bi Kalsau kesho. Kesho alikuwa na wageni. Baadaye ikawa wiki, na ilipokuwa wiki, nilikuwa na makosa mawili ya kuungama, na la pili ndilo baya zaidi. Sampuli nilizopima kwa kichupa kile zilikuwa kumi na moja. Yenu ni moja.

Barua yako fupi ilifika juzi. Jana mchana nilimkuta Bi Kalsau anafungua chakula chake, laplapu ya ndizi, kwenye jani lake.

Nikamwambia, "Namba 117 si ya kweli."

"Ni ya nani?"

"Ya mjomba wangu."

Akaliweka jani chini. "Noelin, usiniombe hilo. Sisikii habari za wajomba hapa."

"Siombi ibadilishwe. Naomba ipimwe tena. Na nyingine kumi."

Nikamweleza yote kama nilivyokueleza. Alimwita Nakou. Nakou akachukua kichupa kipya cha plastiki, akamimina asetoni tupu, tukasimama watatu tukikitazama kinavyoingia ukungu.  

Wakapima unga wenu kwa kile kichupa cha kioo kilichobaki, wakikiosha na kukirudia kwa asetoni na kwa kava. Sifuri nukta sita. Nakou akasema taratibu, "Karani, hii ni kava ya kuolea mke."

Bi Kalsau alikuwa amekaa. Akasema, "Vichupa vinavunjika. Nimevunja vitano katika maisha yangu. Lakini wiki tisa? Uliniwekea makala zangu mezani, ukanipa chai, ukaniuliza habari za Fiji. Wiki tisa watu kumi na mmoja wanaitwa waongo vijijini kwao, na wewe unajua majina yao wote. Ni wewe peke yako uliyeyajua."



Nimejaribu simu ya kijiji mara nane, haiiti. Barua hii na cheti kipya vinaondoka leo na ndege ya Lonorore, rubani ameahidi kuvikabidhi kwa mtu wa kuvuka mlima. Jumatatu ya mwisho ni tarehe 31. Mjomba, usiguse shina hata moja. Subiri, hata kama wanakucheka.

Noelin


Ranmelu, 3 Agosti 2017

Mpwa wangu,

Mama yako ni mzima, ila hali chakula vizuri tangu Jumanne.

Ndege ilizuiliwa Santo siku nane, uwanja wa Lonorore ulikuwa tope. Barua yako ilinifikia Jumanne saa tatu asubuhi. Tulianza kung'oa Jumatatu.

Mashina arobaini na mawili. Yale makubwa hayakupotea, yalikuwa yamefikia kuvunwa na mizizi tumeianika. Vilivyoniuma ni vichanga kumi na tisa vya mwaka mmoja, mizizi yake kama nyuzi. Bong Tema ndiye aliyeng'oa cha kwanza. Nilimwonyesha mimi jinsi ya kulegeza udongo asikate shina, kwa mazoea tu, na katikati nikakumbuka haina haja. Naye akaona nimekumbuka. Tangu hapo hajanitania.

Niliisoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye mstari, jembe mkononi. Nikasema, "Acheni. Ni Borogu." Wakauliza nani kasema. Nikasema karani wa maabara. Chifu Bule akakisoma cheti kipya, akakigeuza nyuma na mbele, akauliza, "Ile ya kwanza ilikuwa na sahihi na muhuri. Hii nayo ina sahihi na muhuri. Tuamini ipi, na kwa nini?"

Hilo ni swali la haki, Noelin. Jibu lake lilikuwa mfukoni mwangu, kwa mwandiko wako. Bong akasema, "Watas, tusomee." Nikakataa. Nimesimama dhamana ya shamba langu, na nitasimama dhamana yake tena kesho. Siwezi kusimama dhamana ya mdomo wako.

Chifu ameamua hivi. Mashina yaliyobaki hayatang'olewa, lakini hakuna atakayechukua kijiti kwangu wala kumjibu mnunuzi, hadi aliyeandika namba ile aje aeleze uwanjani, mbele ya wote. Mnunuzi anangoja hadi mwisho wa Septemba.

Nina hasira nawe. Naliandika hili ili usije ukafika ukadhani sina. Mama yako ana hasira pia, ila yeye anaificha kwenye kufuma. Ukija, nitasimama nyuma yako, kama inavyompasa ndugu wa mama, na mkeka wa kumwomba Chifu radhi tutautoa sisi. Lakini sitafungua kinywa. Wote watakuwa wanakutazama wewe.

Njoo.

Watas


Melini, 25 Agosti 2017

Mjomba Watas,

Nakusalimu kutoka baharini. Tumekipita kisiwa cha Epi asubuhi, wanatuambia Ambrym jioni na bandari yetu ya Bwatnapne kesho. Shangazi Velin amenifungia njugu za kuwagawia wote, nami nimekwisha kula nusu kwa woga.

Sijafukuzwa. Nimeondolewa kwenye mashine, na miezi yangu ya majaribio imeanza upya tangu mwanzo. Bi Kalsau amenipa vyeti kumi na moja na orodha ya vijiji kumi na kimoja, akasema hakuna hata kimoja kitakachokwenda kwa posta. Nitavipeleka kwa mkono wangu, na kwa kila mkulima nitaeleza. Alisema nianze ninapotaka. Nilitaka kuanza na Santo, ambako hakuna anayenijua. Kisha nikaweka Ranmelu juu.

Katika karatasi za nyuma ya barua hii nimeandika yote nitakayoyasema uwanjani, kwa mpangilio, kuanzia kichupa kilichovunjika. Nimeongeza na vile vichanga kumi na tisa. Nimeleta pia kichupa kimoja cha plastiki na asetoni kidogo, ili Chifu Bule aone kwa macho yake. Karatasi hizi nitakupa pamoja na barua hii nikishuka, kwa sababu nikizishika mwenyewe nitajificha nyuma yake.

Nina ombi moja. Nikisimama pale mbele ya nakamali, huenda sauti isitoke. Najijua. Watu watangoja, wataanza kukohoa, na mtu atasema, Watas, una karatasi mkononi, tusomee wewe yaishe.

Usisome, Mjomba. Niacheni nisimame hapo mpaka itoke.

Noelin